Joto la Sakafu kwa Chumba cha Vifaranga: Namna ya Kulichagua na Kulipima



Vyama vingi vya msingi katika mkoa wetu vina wanachama wanaofuga kuku, na baadhi hununua vifaranga wa siku moja kwa fedha za mkopo. Msiba wa mfugaji wa namna hiyo hutokea mara nyingi katika majuma mawili ya kwanza. Usiku huwa na baridi, vifaranga hurundikana pembeni kutafuta joto, na asubuhi walio chini ya rundo huwa wamekufa kwa kukosa pumzi. Mfugaji akiona hivyo huongeza moto. Huleta jiko la pili la mkaa, huziba madirisha kwa magunia, na wakati mwingine hulala humo humo ili aangalie mali yake. Hapo hatari huvuka kutoka kwa kuku na kumfikia mtu.

Makala haya yanaeleza njia nyingine: kupasha joto sakafu yenyewe kwa moshi wa moto uliowashwa nje ya chumba. Yanaeleza pia hesabu ambayo katibu yeyote aweza kuifanya kwa kalamu na karatasi kabla mwanachama hajanunua tofali hata moja. Fundisho kuu ni hili: pima kwanza joto linalopotea, kisha lipunguze, ndipo uchague ukubwa wa moto.

Kwa nini joto litoke chini

Kifaranga mchanga hana manyoya ya kumkinga, na mwili wake hauwezi kujitunzia joto kwa majuma matatu hivi ya mwanzo. Kuku mama humfunika kwa mwili wenye joto la nyuzi 41 hivi. Anapolelewa bila mama, hapo alalapo pawe na joto la nyuzi 33 au 34 katika juma la kwanza, nyuzi 31 katika juma la pili, nyuzi 28 katika la tatu, na nyuzi 25 katika la nne. Baada ya hapo manyoya yamekwisha kuota, na kwa wakazi wa mwambao wa ziwa moto waweza kuzimwa.

Hewa yenye joto hupanda juu. Jiko likiwekwa katikati ya chumba, joto jingi hukusanyika chini ya bati ambako hakuna kifaranga hata mmoja, na sakafu hubaki baridi. Sakafu ikipashwa, mambo hugeuka. Kifaranga hulala juu ya chanzo chenyewe cha joto, na tumbo lake, ambalo ndilo lenye manyoya machache, hupata joto moja kwa moja. Zaidi ya hayo, sakafu yenye joto hutoa mnururisho unaoupasha mwili hata kama hewa ya chumbani si ya joto sana. Kila mvuvi anayajua hayo: jua la asubuhi humpasha mgongo ingawa upepo wa ziwa bado ni wa baridi. Kwa hiyo chumba chenye sakafu ya nyuzi 34 chaweza kuwa na hewa ya nyuzi 26 tu, na vifaranga wakastarehe, hasa wakiwekewa kifuniko kifupi cha mkeka juu ya nusu ya sakafu katika juma la kwanza.

Njia hii ni ya zamani sana. Waroma wa kale walipitisha moshi chini ya sakafu za nyumba zao za kuogea. Watu wa Korea walipasha sakafu za nyumba kwa moshi wa jiko la kupikia uliopita chini ya mawe bapa, na sakafu hizo huitwa ondol. Siku hizi, katika nchi za baridi za Ulaya, maji ya moto hupitishwa katika mabomba yaliyofukiwa sakafuni. Sisi wa Kigoma na Ujiji hatuna haja ya kupasha joto vyumba tunavyolala, lakini hesabu wanayoitumia mafundi wa huko ndiyo hiyo hiyo inayotufaa katika chumba cha vifaranga.

Sakafu ina kikomo

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba sakafu haiwezi kutoa joto lisilo na mwisho. Kila mita moja ya mraba ya sakafu hutoa karibu wati 10 kwa kila nyuzi moja ambayo sakafu imezidi joto la hewa ya chumba. Ikiwa sakafu ina nyuzi 34 na hewa ina nyuzi 26, tofauti ni nyuzi 8. Basi kila mita ya mraba hutoa wati 80, na chumba cha mita 5 za mraba hupata wati 400.

Mtu aweza kusema: tuiongezee sakafu moto ifike nyuzi 45. Haifai. Vifaranga wataungua miguu, watakaukiwa maji mwilini, na watakimbilia kando. Hata kwa binadamu, mafundi wa Ulaya huweka kikomo cha nyuzi 29 kwa sakafu za vyumba vya kukaa. Hivyo, kama chumba kinapoteza zaidi ya wati 400, dawa yake ni kukirekebisha chumba chenyewe.

Hesabu ya joto linalopotea

Tuchukue mfano wa vifaranga 100. Katika juma la kwanza watatosha katika mita 2 za mraba, lakini wakifika juma la nne watahitaji mita 5. Tujenge basi chumba chenye urefu wa mita 2.5, upana wa mita 2, na kimo cha mita 1.5 hadi darini. Kuta ni za tofali mbichi zenye unene wa sentimita 20. Tuchukulie kwamba usiku wa Ujiji una nyuzi 18, na hewa ya chumbani iwe nyuzi 26. Tofauti ni nyuzi 8.

Joto hutoka kwa njia tatu: kuta, paa na hewa.

Kuta. Ukuta wa tofali mbichi wa unene huo hupitisha karibu wati 2 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi ya tofauti. Mzunguko wa chumba ni mita 9. Ukizidisha kwa kimo cha 1.5 wapata mita 13.5 za mraba. Zidisha 13.5 kwa 2 kwa 8: wati 216.

Paa. Bati tupu hupitisha karibu wati 7 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi. Zidisha 5 kwa 7 kwa 8: wati 280.

Hewa. Vifaranga hawana budi kupata hewa safi. Tuseme hewa yote ya chumba hubadilika mara mbili kwa saa. Kila mita ya ujazo ya hewa hubeba karibu theluthi moja ya wati-saa kwa kila nyuzi. Chumba chetu kina mita 7.5 za ujazo, kwa hiyo upotevu ni karibu wati 40.

Jumla ni wati 536. Sakafu yetu ina uwezo wa kutoa wati 400 tu. Chumba hiki hakitapata joto la kutosha hata kuni zikichomwa usiku kucha, na zaidi ya nusu ya hasara yote inapitia kwenye bati.

Sasa tuweke dari ya mkeka juu ya fito imara, na juu yake tumwage pumba kavu za mpunga kwa unene wa sentimita 10. Kwa eneo la mita 5 za mraba zahitajika pumba za nusu ya mita ya ujazo, yaani magunia kama matano. Dari ya namna hiyo hupitisha karibu nusu wati tu mahali ambapo bati hupitisha 7. Upotevu wa juu hushuka kutoka wati 280 hadi wati 20. Jumla mpya ni 216, na 20, na 40: wati 276. Sakafu yenye uwezo wa wati 400 yatosha, na akiba ipo kwa usiku wa upepo.

Magunia matano ya pumba yamefanya kazi ambayo jiko la pili lisingeweza kuifanya.

Wanachama wa milimani

Wanachama wa Manyovu na Heru Juu wanaishi juu zaidi. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima hiyo hufika mita 1,500 na zaidi. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Katika majira ya kipupwe tuchukulie usiku wa nyuzi 12. Tofauti basi ni nyuzi 14 badala ya 8. Chumba kile kile chenye dari ya pumba kitapoteza wati 378 kwenye kuta, 35 kwenye dari, na 70 kwa hewa: jumla 483. Sakafu imeshindwa tena.

Dawa ni kuteremsha dari. Ikishushwa hadi kimo cha mita 1, kuta zinazopashwa hubaki mita 9 za mraba. Upotevu huwa wati 252 kwenye kuta, 35 darini, na karibu 46 kwa hewa: jumla 333. Sakafu yatosha. Dari ya chini kiasi hicho itengenezwe kwa fremu nyepesi za kuinuliwa, ili mlezi aweze kuinama, kuwalisha vifaranga na kusafisha. Kadiri vifaranga wanavyokua na kuota manyoya, dari yaweza kupandishwa juma kwa juma.

Ujenzi wa njia ya moshi

Tanuri dogo lijengwe nje ya ukuta, upande usiopigwa na upepo. Ndani yake patosha sentimita 30 kwa 30, na urefu wa sentimita 50. Sakafu ya tanuri iwe chini ya sakafu ya chumba kwa sentimita 30 au 40, kwa kuwa moshi hupenda kupanda. Kutoka hapo chimba mfereji uliojengwa kwa tofali za kuchoma, upana wa sentimita 15 hadi 20, uende hadi mwisho wa chumba na kurudi, ukipanda kidogo kidogo mpaka kwenye dohani. Dohani nayo ipite juu ya paa, maana dohani fupi haivuti moshi.

Chini ya mifereji weka tabaka la majivu makavu au kokoto, ili joto lisinywewe na ardhi yenye unyevu. Juu ya mifereji laza tofali bapa, kisha kandika kwa udongo wa mfinyanzi. Karibu na tanuri kifuniko kiwe kinene, sentimita 12 hivi, na mwisho wa njia kiwe sentimita 6. Moshi huwa mkali unapoingia na huwa umepoa unapotoka. Unene huo unaopungua ndio unaosawazisha joto la sakafu nzima. Pumba za darini zisikaribie dohani: acha nafasi ya sentimita 30, nawe uizungushie udongo, la sivyo utachoma nyumba.

Kuhusu matandiko, wengi watashangaa. Pumba na maranda tuliyozoea kutandaza huzuia joto. Ndiyo maana tumeziweka pumba darini. Zikitandazwa juu ya sakafu hii, moto utabaki chini na kifaranga atalala kwenye baridi. Tandaza mchanga mkavu wa ufukoni, uliooshwa na kuanikwa, kwa unene wa sentimita 2. Mchanga hupitisha joto vizuri. Kila asubuhi uchekeche ili kuondoa kinyesi, na uubadili unapolowa. Kwa ufupi: pumba zipande darini, mchanga ushuke sakafuni.

Kuni kiasi gani

Chumba chetu cha Ujiji chahitaji wati 276. Kwa saa 12 za usiku hiyo ni karibu uniti 3.3 za joto. Tuchukulie kwamba theluthi moja tu ya joto la kuni hufika chumbani, na linalobaki huenda na moshi na ardhi. Kuni kavu zitakazohitajika ni karibu kilo 2.5 kwa usiku. Maganda makavu ya mise, ambayo hubaki kwa wingi panapokamuliwa chikichi, huwaka kwa nguvu zaidi kidogo kuliko kuni, na kilo 2 zatosha. Kwa majuma manne, kuni hazitazidi kilo 70, maana kila juma joto linalotakiwa hupungua. Hizo ni kuni ambazo kaya yaweza kuziokota bila kukata mti mbichi milimani.

Mwenye umeme aweza kutumia taa za joto. Vifaranga 100 kwa kawaida huhitaji taa mbili za wati 250, nazo kwa saa 12 hutumia uniti 6 za umeme. Ni njia safi na nyepesi, lakini umeme ukikatika usiku wa manane taa hupoa papo hapo. Sakafu ya udongo na tofali hupoa polepole kwa saa nyingi, na mlezi akichelewa kuamka hapati hasara.

Upole huo wa sakafu una upande wa pili: haipati joto upesi pia. Washa moto siku nzima kabla vifaranga hawajafika. Baada ya hapo chochea jua linapotua na tena saa nne usiku. Usingoje vifaranga walie ndipo ukatafute kuni. Weka kipimajoto juu ya mchanga, si ukutani, na uwatazame vifaranga wenyewe. Wakitawanyika sawasawa na kulala kwa utulivu, joto ni zuri. Wakirundikana, joto ni kidogo. Wakikimbilia kando huku wametanua mabawa na kuachama midomo, joto limezidi.

Hatari ya hewa ya mkaa

Hapa twaomba kila katibu asome maneno haya kwa sauti katika mkutano wa wanachama. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na haiwashi macho kama moshi wa kuni. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu huona kichwa kizito, kisha usingizi, kisha haamki. Jiko la mkaa lisiwekwe kamwe katika chumba ambamo mtu analala, hata kama mkaa unaonekana umekwisha kuwa makaa mekundu yasiyo na moshi.

Sakafu ya moshi huondoa hatari hiyo kwa sharti moja: isiwe na ufa. Kabla ya kuingiza vifaranga, washa majani mabichi katika tanuri na uangalie sakafu nzima. Popote moshi unapofuka, kandika upya. Rudia jaribio hilo kabla ya kila kundi jipya, kwa kuwa udongo hupasuka ukikauka. Matundu ya hewa juu na chini ya ukuta yabaki wazi daima. Wati 40 zinazopotea kwa hewa ni gharama ya uhai, wala zisibanwe. Na mlezi alale chumba kingine.

Faida ya kujenga pamoja

Tumalize kwa hesabu inayokihusu chama. Wanachama watatu, kila mmoja na vifaranga wake 100, wakijenga vyumba vitatu, watapoteza wati 276 mara tatu, yaani wati 828. Wakijenga chumba kimoja cha mita 5 kwa mita 3 kwa vifaranga 300, chenye kimo na dari ile ile, kuta zitakuwa mita 24 za mraba badala ya 40.5. Upotevu utakuwa wati 384 kwenye kuta, 60 darini, na karibu 119 kwa hewa: jumla 563. Karibu theluthi moja ya kuni imeokolewa, zamu ya kuchochea moto imegawanywa kwa watu watatu, na tanuri linalojengwa ni moja tu. Chumba kikiwa kirefu zaidi, mifereji iwe minne au mitano ili joto lienee.

Chama kinaweza basi kujenga chumba kimoja cha kulelea, na kuwagawia wanachama vifaranga wakitimiza majuma manne. Masharti ni mawili. Vifaranga wote wawe wa umri mmoja na wa siku moja ya kupokelewa, kwani kuchanganya wakubwa na wadogo huleta magonjwa. Na wote wapewe chanjo ya mdondo kwa ratiba moja, kwa kuwa joto hata likiwa zuri namna gani halizuii mdondo.

Katibu na aandike katika daftari la chama mambo matano kwa kila kundi: idadi ya vifaranga walioingia, waliokufa kila siku, kipimo cha joto juu ya mchanga jioni na alfajiri, kilo za kuni, na hali ya sakafu baada ya jaribio la moshi. Kamati ikikaa kuamua juu ya mkopo wa kundi linalofuata, itakuwa na hesabu mkononi, na mwanachama aliyepoteza vifaranga ataweza kuonyeshwa kosa lilikuwa wapi badala ya kuambiwa kwamba hana bahati.